Kununua Kiwanja Ihanda: Muhuri wa Mwenyekiti Hautoshi

Na Mwandishi Wetu, Mbozi

Kata ya Ihanda, wilayani Mbozi katika Mkoa wa Songwe, ipo kando ya barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Tunduma. Ardhi iliyo jirani na mji wa mpakani na makao makuu ya mkoa, Vwawa, huwavutia wajenzi, na pia wauzaji wanaonadi viwanja vya makazi ya uzio mmoja na lango moja, yenye masharti ya aina ya nyumba.

Kabla ya kuzungumza bei, mnunuzi anapaswa kujua aina ya ardhi anayouziwa. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zinatenganisha ardhi ya jumla, ya kijiji na ya hifadhi. Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji, na uhamisho wa haki ya kimila huhitaji idhini ya halmashauri hiyo ikiwa imeketi katika kikao halali. Saini na muhuri wa mwenyekiti peke yake si idhini, wala sheria haimpi fungu katika fedha za mauzo. Hapa ndipo wengi hupoteza akiba ya miaka, kwa kuwa karatasi yenye muhuri huonekana kama hati.

Shamba la kijiji haligeuki kuwa mji kwa kuzungushiwa ukuta. Muuzaji wa mradi wa viwanja anapaswa kuonesha mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa kwa mujibu wa Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007, pamoja na ramani ya upimaji yenye namba ya kila kiwanja. Akiwa na hati moja ya shamba zima, maarufu kama hati mama, mnunuzi anayelipa kwa awamu hubaki na ahadi tu hadi hati hiyo itakapogawanywa. Mkataba wa maandishi utaje tarehe ya ugawaji huo, na useme fedha zitarejeshwaje usipofanyika.

Ardhi ikiwa na hati, upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati hubainisha mmiliki, na kama ipo rehani au zuio. Iwapo muuzaji ana mwenza, ridhaa ya mwenza iwe ya maandishi.

Kwa Ihanda, barabara kuu ina uzito wake. Hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na kiwanja kinachosifiwa kwa kugusa lami kinaweza kuwa ndani yake. Kipimo cha mita 60 hutumika kwenye kingo za mito na vyanzo vya maji.

Ndugu aliye ng'ambo ya mpaka, Nakonde, ambaye si raia wa Tanzania, hawezi kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa. Kumwandikisha raia kwa niaba yake hakumpi haki yoyote.

Mgogoro ukitokea, Baraza la Kata husuluhisha tu tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021. Usuluhishi ukishindikana, shauri hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.