Ushindi wa Nane: Namna ya Kuzifuata Siku za Mwisho za Sumo Ukiwa Guangzhou

Novemba 2010 Guangzhou iliandaa Michezo ya Asia. Kuanzia tarehe 12 hadi 27, timu 45 zilishindana katika michezo 42. Mieleka ya Olimpiki ilikuwemo, judo ilikuwemo, hata mashua za joka ziliingizwa kwa mara ya kwanza. Sumo haikuwemo. Lakini siku hizohizo, kilomita 2,000 hivi kutoka hapo, katika jiji la Fukuoka nchini Japani, kulikuwa na mashindano ya sumo ambayo wapenzi wa mchezo huo bado wanayasimulia.

Hakuho, mzaliwa wa Mongolia, aliingia Fukuoka akiwa hajashindwa mapambano 62 mfululizo. Alikuwa akiifukuzia rekodi ya Futabayama, aliyeshinda mara 69 mfululizo kati ya 1936 na 1939. Siku ya kwanza alishinda, ikawa 63. Siku ya pili, tarehe 15, Kisenosato akamsukuma nje ya ulingo na mfululizo ukakatika. Magazeti yaliandika habari kubwa, na mtu asiyeujua mchezo huu angedhani hadithi imekwisha. Kumbe ilikuwa imebaki nusu ya pili. Hakuho alishinda yote yaliyofuata na kumaliza na ushindi 14. Toyonoshima, mwanamieleka mfupi aliyeanza mashindano katikati ya orodha, naye akamaliza na 14. Jumamosi tarehe 27 Guangzhou ilifunga michezo yake. Jumapili tarehe 28 wawili hao wakapanda tena ulingoni kwa pambano la kumtafuta bingwa, na Hakuho akashinda. Lilikuwa taji lake la 17, na la tano mfululizo.

Nimelianza somo hili kwa kisa hicho kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo mtazamaji mpya hulikosa. Sumo hufuatiliwa kwa siku 15, na siku tatu za mwisho, yaani Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, ndizo zinazoamua maisha ya watu. Si bingwa peke yake anayepatikana siku hizo. Zinaamua nani atapanda cheo, nani atashuka, na kwa baadhi yao, nani ataendelea kulipwa mshahara.

Sheria za pambano lenyewe ni chache. Ulingo ni wa udongo uliogandamizwa, na duara lake lina kipenyo cha mita 4.55, limezungushiwa mabua ya mpunga yaliyofungwa. Anayetoka nje ya duara kwanza, au anayegusa chini kwa kiungo chochote isipokuwa nyayo, ameshindwa. Hakuna madaraja ya uzito, kwa hiyo mwenye kilo 120 anaweza kupangiwa mwenye kilo 180. Katika daraja la juu wapinzani hupewa dakika nne za kujiandaa, wakitupa chumvi, wakichuchumaa na kukaziana macho. Pambano lenyewe mara nyingi huisha ndani ya sekunde chache.

Mashindano makubwa ni sita kwa mwaka. Ya Januari, Mei na Septemba hufanyika Tokyo, ya Machi Osaka, ya Julai Nagoya, na ya Novemba Fukuoka. Daraja la juu kabisa, makuuchi, lina wanamieleka 42, na linalofuata, juryo, lina 28. Hao 70 ndio wanaopata mshahara wa kila mwezi. Mamia walio chini yao hupata posho tu, hulala pamoja katika ukumbi wa kambi, hupika na kuwahudumia wakubwa wao.

Sasa tufike kwenye namba inayobeba kila kitu, nayo ni nane. Katika siku 15, aliyeshinda mara nane au zaidi amepata faida, na orodha mpya ya vyeo ikitoka atapanda. Aliyeshindwa mara nane ameingia hasara, naye atashuka. Hakuna sare wala nafasi ya katikati. Kwa kadirio, kadiri mtu anavyozidisha ushindi juu ya kushindwa ndivyo anavyoruka ngazi nyingi zaidi. Ozeki, cheo cha pili kwa ukubwa, hupewa mashindano mamoja ya tahadhari akikosa nane. Akikosa tena mara ya pili mfululizo, anavuliwa cheo. Yokozuna, aliye juu ya wote, hashushwi kamwe, ila akizidiwa hutarajiwa astaafu. Na aliye mwishoni mwa juryo akikosa nane anapoteza mshahara, chumba chake na vijana waliokuwa wakimhudumia.

Anayefuata Ligi Kuu ya Tanzania au ya Kenya ataelewa mara moja: ni vita vya kutoshuka daraja vinavyopiganwa uwanja mmoja na mbio za ubingwa, siku moja, mara sita kwa mwaka.

Upangaji wa mapambano ndio unaozipa siku za mwisho utamu wake. Sumo haina ratiba iliyochapishwa tangu mwanzo. Kamati ya waamuzi hupanga nani akutane na nani kadiri mashindano yanavyosonga, na mara nyingi orodha hutoka siku moja kabla. Wiki ya kwanza wakubwa hupewa wapinzani wa vyeo vya chini kidogo, na hapo ndipo wadogo hupata nafasi ya kuwaangusha vigogo. Julai 2014 Abdelrahman Shaalan wa Misri, aliyeitwa Osunaarashi ulingoni na aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kufika daraja la juu, aliwaangusha yokozuna wawili kwa siku mbili mfululizo, Kakuryu kisha Harumafuji. Huyo pia alijulikana kwa kufunga Ramadhani ilipoangukia mashindano ya Julai. Wiki ya pili wakubwa hukutanishwa wao kwa wao, na mdogo anayeongoza kwa ushindi mwingi huitwa juu apimwe nao. Kamati haitaki bingwa aliyekwepa majabali.

Walio wa kambi moja hawapangiwi pamoja, wala ndugu wa damu. Isipokuwa wakifungana kileleni: pambano la kumtafuta bingwa halijali udugu. Novemba 1995, hukohuko Fukuoka, Wakanohana na mdogo wake Takanohana walilingana kwa ushindi, ikabidi ndugu washikane mbele ya taifa zima. Kaka akashinda.

Mara nyingine mbio huisha mapema. Mei 2025 Onosato alikuwa amekwishatwaa taji siku ya 13, na muda mfupi baadaye akatangazwa kuwa yokozuna wa 75. Lakini Januari ya mwaka huohuo Kinbozan wa Kazakhstan aliamka Jumapili ya mwisho akiongoza peke yake. Oho akamshinda, Hoshoryu akashinda pambano lake, na watu watatu wakajikuta wana ushindi 12 kila mmoja. Wakifungana watatu, taji huenda kwa wa kwanza kuwashinda wenzake wawili mfululizo. Hoshoryu akawaangusha wote wawili, na ushindi huo ukampa cheo cha yokozuna.

Machi 2024 Osaka ilitoa mfano mwingine. Takerufuji alikuwa ndiyo kwanza ameingia daraja la juu, na akawa anaongoza. Siku ya 14 alishindwa na Asanoyama, akaumia kifundo cha mguu na kupelekwa hospitali. Wengi waliamini hatarudi. Jumapili alipanda ulingoni akamshinda Gonoyama na kumaliza na 13. Mgeni wa daraja la juu alikuwa hajatwaa taji hilo tangu 1914.

Hiyo ndiyo raha ya siku za mwisho. Upo na upande wa giza, na mtu anayeupenda mchezo huu hana haki ya kuuficha.

Fikiria Jumapili asubuhi mtu ana ushindi saba na kushindwa saba. Mpinzani wake ana nane tayari. Wa kwanza anahitaji ushindi huu kama hewa. Wa pili hapotezi kikubwa akishindwa. Mwaka 2002 wanauchumi Mark Duggan na Steven Levitt walichapisha utafiti wa mapambano ya tangu 1989 hadi 2000. Waligundua kwamba wenye 7-7 waliopambana siku ya mwisho na wenye 8-6 walishinda karibu asilimia 80, ingawa rekodi zao za awali zilionyesha wangepaswa kushinda chini ya nusu. Walipokutana tena watu walewale kwenye mashindano yaliyofuata, aliyekuwa ameshinda alishinda takriban asilimia 40 tu. Ilionekana wazi kwamba deni lilikuwa linalipwa.

Chama cha Sumo cha Japani kilikana kwa miaka mingi. Mwanzoni mwa 2011 polisi, waliokuwa wakichunguza kamari ya besiboli, walikuta kwenye simu za wanamieleka ujumbe uliopanga matokeo na bei zake. Mashindano ya Machi 2011 yakafutwa, jambo lililokuwa halijatokea tangu 1946. Ya Mei yakafanyika bila kiingilio na bila kombe, kama mtihani tu. Wanamieleka zaidi ya 20 wakaondolewa.

Hapa ndipo China inapoingia moja kwa moja. Miongoni mwa waliofukuzwa alikuwemo Sokokurai, mzaliwa wa Mongolia ya Ndani, eneo linalojiendesha la China. Alijiunga na kambi ya Arashio mwaka 2003, na Septemba 2010 akafika daraja la juu. Alikana tuhuma tangu siku ya kwanza. Aliambiwa astaafu, akakataa, naye akafukuzwa. Akaenda mahakamani katika nchi isiyo yake. Machi 2013 Mahakama ya Wilaya ya Tokyo iliamua kwamba kufukuzwa kwake hakukuwa halali, chama hakikukata rufaa, na Julai mwaka huo akarudi ulingoni baada ya zaidi ya miaka miwili ya kukaa nje. Januari 2017, akiwa na umri wa miaka 33, alimaliza na ushindi 12 na kupewa tuzo ya ufundi. Alistaafu Machi 2020 akakabidhiwa uongozi wa kambi yake ileile. Miaka miwili baadaye mwanafunzi wake Wakatakakage alitwaa kombe la Machi 2022.

Somo langu kubwa limo katika kisa hicho. Takwimu zinaonyesha pa kutazama, lakini haziwezi kumhukumu mtu mmojammoja. Utafiti ule ulikuwa sahihi kuhusu kundi, na simu zilithibitisha kwamba ugonjwa ulikuwepo. Hata hivyo, mtu asiyethibitishiwa kosa alinyang'anywa miaka miwili ya ubora wake, na isingekuwa ukaidi wake angepotea kimya kimya. Siku hizi kamati mara nyingi huwapanga wenye 7-7 wao kwa wao Jumapili, ili mmoja apande na mwingine ashuke, bila aliyeshiba kukutana na mwenye njaa. Ni dawa nzuri, kwa sababu inaondoa kishawishi bila kumtuhumu mtu.

Kwa Waswahili walioko Guangzhou, saa za mchezo huu ni rafiki. Japani iko mbele ya China kwa saa moja. Mapambano ya daraja la juu huanza pale Guangzhou inapokaribia saa tisa alasiri na kumalizika kabla ya saa kumi na moja. Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar ni kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana. Jumapili ya mwisho ratiba husogezwa mapema kidogo ili kupisha sherehe ya kombe, basi usichelewe. Tena mashindano ya Mei na ya Novemba huanza siku chache baada ya Maonyesho ya Canton kufungwa, wakati wafanyabiashara wetu wengi wa Xiaobei na Sanyuanli bado wanasubiri kontena lijae.

Ushauri wangu ni huu. Ijumaa, chukua orodha ya matokeo na uandike majina ya watu wa aina tatu: wanaoongoza, walio nyuma yao kwa pambano moja, na wote waliosimama kwenye ushindi sita au saba. Jumamosi usiku, tazama kamati imewapangia nani. Aliyeko kileleni akiwa mbele kwa mapambano mawili baada ya siku ya 14, taji ni lake; akiwa mbele kwa moja, kaa tayari kwa pambano la ziada. Angalia pia tuzo tatu maalumu, ya kuwaangusha wakubwa, ya moyo wa kupigana na ya ufundi. Hazitolewi kwa asiyefikisha nane, na baadhi hutangazwa kwa sharti kwamba mhusika ashinde Jumapili hiyo.

Ukifanya hivyo, utaona kwamba pambano la saa tisa na nusu, la watu wawili ambao hujawahi kusikia majina yao, linaweza kuwa zito kuliko la yokozuna. Wape macho hao kwanza. Bingwa atapigwa picha na kombe mikononi hata usipomtazama; mwenye 7-7 ana sekunde chache tu za kuokoa cheo chake, na anastahili shahidi.