Virusi vimekoma au vimelala?

Kitenzi 'koma' kina sura mbili kule Kitui na Makueni, na tofauti yake yaweza kumgharimu mtu uhai. Kwa Kiswahili, kukoma ni kufika kikomo, kuacha kabisa. Kwa Kikamba, kukoma ni kulala. 'Koma nesa' ni 'lala salama'. Sasa mfikirie mgonjwa wa Mwingi au Kibwezi, mwenye lugha zote mbili kichwani, akiambiwa kwamba virusi vya ukimwi mwilini mwake 'vimekoma'. Ashike maana ipi?

Mie nasema hapa Kikamba ndicho kisemacho kweli.

Virusi hivi hulenga seli za kinga ziitwazo CD4. Seli ina mzunguko wake: hukua, hunakili jeni zake, kisha hugawanyika ziwe mbili. Lakini nyingi ya seli hizi hukaa tu nje ya mzunguko huo, zimepumzika, zikimngoja adui. Kirusi hupendelea iliyoamka. Kikishaingia, hupachika jeni zake katikati ya jeni za seli, na protini yake moja, Vpr, huisimamisha seli palepale ilipomaliza kunakili na kabla ya kugawanyika. Badala ya kuzaa seli mwenzake, inakuwa kiwanda cha virusi. Nyingi hufa, na kinga hushuka.

Chache huponea, zikarudi kupumzika zikiwa na jeni za kirusi tumboni. Seli iliyolala hivyo haitoi virusi, kwa hivyo askari wa mwili hawaitambui. Dawa za ARV nazo huzuia kirusi kuzaana na kuvamia seli mpya, kilicholala hazikigusi. Mwaka 1999, Robert Siliciano na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walikadiria kwamba kuzimaliza seli hizo kwa dawa pekee kungeweza kuchukua hadi miaka 60. Yaani umri wa mtu mzima kama mimi!

Wahudumu wa afya hupenda kusema virusi 'havionekani'. Ni afadhali, maana vipimo vya damu kweli havivioni, na anayeendelea kumeza dawa katika hali hiyo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Ila mtaani tukisema 'fulani siku hizi haonekani', twamaanisha kaenda zake. Mgonjwa akielewa hivyo ataacha dawa, seli zitaamka moja moja, na aghalabu baada ya wiki chache virusi vitajaa tena damuni.

Watanzania wana 'dawa za kufubaza virusi', nasi Kenya twasema 'dawa za kupunguza makali'. Nayapenda yote mawili: kisu kilichopungua makali bado kimo jikoni. Kwa Kitui na Makueni ningependekeza 'vimelala'. Na anayetaka kutumia 'koma' aitumie, mradi sentensi yote iwe ya Kikamba.