Ukoka Ukikauka Wakati wa Mvua

Ukoka wa uwanjani kwako umegeuka manjano, na mvua inanyesha. Jirani akuambia ni kiu. Usikubali upesi. Shika majani kwa mkono, uyavute. Yakiinuka kama mkeka, pasipo mizizi, adui yumo chini yake: funza weupe, wanene, wenye kichwa cha kahawia na miguu sita, waliojikunja kama mwezi mwandamo.

Funza hao ni watoto wa mbawakawa, yule mdudu wa kahawia mwenye mgongo mgumu. Hapa Buswelu twamjua sana. Mvua za vuli zianzapo mwezi wa Oktoba, familia zikikusanyika jioni kusali Rozari, naye huja kugonga taa na kuanguka mezani. Twamfagia, twamsahau. Kumbe majike huingia udongoni kutaga mayai. Watoto wakianguliwa hula mizizi kimya kimya, na karibu na Kwaresima wamekwisha nenepa. Hapo ndipo tuonapo mabaka makavu. Mizizi ya mahindi nayo huila, na viazi vitamu huvitoboa.

Mwingine atasema, ukoka ni majani tu, na ufe. Lakini udongo wetu wa kichanga, ule tuuitao luseni, unahitaji kitu cha kuushika. Ukoka ukifa mtelemkoni, mvua mbili tatu zatosha kufukua msingi wa nyumba.

Basi baba hukimbilia dukani kununua sumu. Hapa nawasihi wazazi msimame kidogo. Sumu iliyonyunyizwa juu ya majani mara nyingi haimfikii funza mkubwa aliye chini. Inabaki pale anapotambaa mtoto na anapodonoa kuku, na mayai ya kuku huyo twayala sisi. Zamani aldrini na dieldrini zilisifiwa sana kwa wadudu wa udongoni. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 ukazikataza, kwa kuwa hukaa udongoni miaka mingi na kuingia katika mafuta ya wanyama na ya watu. Tena maji ya vilima vyetu huteremka ziwani. Mwaka 1999 nchi za Umoja wa Ulaya zilikataa samaki wa Ziwa Viktoria kwa hofu ya sumu, na watu wa Mwanza waliokula kwa kazi ya samaki wakapata taabu.

Afadhali jembe. Kata kipande cha ukoka, futi moja kwa futi moja, ukifunue, uhesabu. Funza mmoja au wawili wasikutishe. Ukoka wenye nguvu huwavumilia. Wakiwa kumi, kazi ipo. Fukua mabaka yote asubuhi, kisha fungulia kuku. Kunguru na yangeyange nao watakuja, usiwatupie mawe. (Kunguru akichokora ukoka wako kila siku, amekwisha kukuonyesha mahali.)

Wale funza wakubwa kama kidole gumba, wakaao katika lundo la samadi, kwa kawaida ni wa aina nyingine. Hula vilivyooza, na husaidia kuifanya samadi kuwa mbolea. Lakini samadi mbichi usiitandaze ukokani; ngoja ioze kabisa.

Vuli ijapo, tega mbawakawa wenyewe. Weka taa juu ya beseni la maji yenye sabuni kidogo, mbali na ukoka, maana taa ikiwa juu yake utakuwa umewaalika. Kazi hii watoto huipenda mno. Wala ukoka usiufyeke mpaka udongo uonekane, kwa sababu mbawakawa wengi hupenda kutaga penye majani mafupi.

Palipokufa, panda vipande vyenye vifundo siku ya mvua, uvikanyage kwa mguu. Mvua ikikatika, mwagilia jioni kwa majuma mawili, na kuku wafungie mpaka mizizi ishike.