Jina la Malcolm na Maana Yake

Jina la Malcolm si geni masikioni mwa watu wengi wa Afrika ya Mashariki, kwa kuwa Waskoti wengi wamepata kufika katika nchi hizi, wengine kwa kazi ya ualimu na udaktari, wengine kwa ukulima. Lakini ni wachache waliopata kuuliza maana yake. Likitajwa, mtu aweza kudhani kuwa ni jina la ubwana, hasa akikumbuka kwamba wafalme wanne wa Uskoti waliitwa hivyo. Kumbe asili yake ni jina la utumishi.

Katika Kigaeli, lugha ya kale ya Waskoti, jina hili lilikuwa maneno mawili: Máel Coluim. Neno la kwanza maana yake ni mtu aliyenyolewa kichwa. Zamani zile watawa walinyolewa sehemu ya nywele zao, iwe alama ya kwamba wameuacha ulimwengu ili wamtumikie Mungu. Basi aliyenyolewa ndiye mfuasi, ndiye mtumishi. Neno la pili ni jina la Mtakatifu Columba, nalo kwa Kilatini maana yake ni njiwa. Malcolm, basi, ni mtumishi wa Columba. Jina Gilchrist nalo ni la namna hiyo hiyo, yaani mtumishi wa Kristo. Watu wa pwani hawatastaajabu, maana Abdallah naye ni mtumishi wa Mungu, wala hakuna anayeliona jina hilo kuwa la aibu.

Columba alikuwa mtu wa Ireland, wa ukoo wa kifalme. Mwaka 563 alivuka bahari akafika kisiwa kidogo cha Iona, ambacho urefu wake haufiki maili nne. Hapo alijenga nyumba ya watawa, nao wakalima, wakafuga, wakanakili vitabu kwa mkono, na kutoka hapo dini ya Kikristo ikaenea pande za kaskazini. Alifariki mwaka 597. Adomnán, aliyeshika uongozi wa Iona baadaye, aliandika habari za maisha yake. Asimulia kwamba siku moja kabla ya kufa, mzee Columba alikwenda kubariki ghala la nafaka, akafurahi kuona kwamba watawa wake wana chakula cha kutosha. Alipokuwa akirudi aliketi kando ya njia kupumzika. Farasi mweupe, aliyezoea kubeba vyombo vya maziwa, akamwendea, akalaza kichwa kifuani pake, akatoa machozi. Mtumishi wake alitaka kumfukuza mnyama yule, lakini Columba akamkataza.

Huyo ndiye mtu ambaye wazazi walitaka watoto wao waitwe watumishi wake.

Katika wale wafalme wanne, ajulikanaye zaidi ni Malcolm wa Tatu. Baba yake, Mfalme Duncan, aliuawa mwaka 1040, na Macbeth akatwaa ufalme. Macbeth naye aliuawa mwaka 1057, na mwaka wa pili yake Malcolm akawa mfalme. Alikuwa mtu wa vita. Mara kwa mara aliishambulia nchi ya kaskazini ya Uingereza, akachoma moto vijiji, akachukua mateka wengi wakawe watumwa. Kwa matendo hayo hakuna mtu ambaye angemfananisha na njiwa.

Lakini mke wake, Malkia Margaret, alikuwa mcha Mungu, naye alitoa mali yake kuwakomboa baadhi ya mateka. Turgot, padre aliyemjua malkia vizuri, aliandika kwamba katika siku za mfungo maskini mia tatu waliingizwa katika ukumbi wa mfalme. Milango ikafungwa, malkia akapita upande mmoja, na mfalme upande wa pili, wakiwagawia maskini chakula na kinywaji kwa mikono yao wenyewe.

Tazama basi mambo mawili ya mtu mmoja. Mfalme aliyewafanya wengine watumwa ndiye aliyesimama kuwahudumia maskini. Mwaka 1093 alikwenda tena vitani, akauawa karibu na Alnwick, na Margaret akafariki siku chache baada ya kupata habari. Mwaka 1250 malkia huyo alitangazwa kuwa mtakatifu, mfalme hakutangazwa.

Mpaka leo watoto wa Uskoti huitwa Malcolm, au Calum, jina litokalo katika Columba yule yule. Wahenga wetu walisema, jina jema hung'ara gizani. Maneno hayo ni ya kweli, lakini jina haling'ari lenyewe. Mzazi aweza kumpa mtoto jina la utumishi. Kutumikia ni juu ya mtoto mwenyewe, hata akiwa mfalme.