Shubiri na Pilipili Hazizuii Mdondo

Katika vijiji vyetu vya Ngara ng'ombe ni wa wachache na mbuzi ni wa baadhi, lakini kuku wapo karibu kila mji. Kuku ndiye anayelipa daftari la mtoto, ndiye anayenunua chumvi na sabuni, ndiye anayechinjwa mkwe anapokuja, na ndiye aletwaye mbele ya altare siku ya mavuno akiwa amefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Mimi ni karani wa parokia, nami huandika matoleo hayo. Mwaka ambao mdondo umepita naujua bila kumwuliza mtu, maana katika daftari safu ya kuku huwa karibu tupu, wala si kwa sababu imani ya watu imepungua.

Leo nataka tuzungumze juu ya dawa za miti shamba kwa kuku. Hizo ndizo dawa ambazo wengi wetu hapa Ntobeye hukimbilia kwanza, kwa kuwa zi karibu na hazidai fedha. Wako wasomi wanaozicheka. Mimi siwafuati. Yoshua bin Sira katika Biblia anatufundisha kwamba dawa zimetoka ardhini kwa mapenzi ya Mungu, na mwenye akili hazidharau. Mababu zetu walifuga kuku miaka mingi bila duka la dawa, na mengi waliyoyafanya yafaa hata leo.

Chukua habari ya chawa, viroboto na utitiri. Wadudu hawa huwasumbua kuku usiku kucha, na kuku anayeatamia huacha mayai yake kwa sababu ya mateso. Hapa majivu ya jikoni yana kazi kubwa. Ngoja yapoe kabisa, yachekeche, uyachanganye na udongo mkavu laini, kisha uyamwage katika shimo dogo mahali pasiponyeshewa. Kuku wataoga wenyewe, wala huna haja ya kuwakamata. Katika kiota weka majani makavu ya tumbaku chini ya nyasi kabla kuku hajaanza kuatamia. Wengine hutumia utupa, nao huua wadudu kweli, lakini yafaa tukumbuke kwamba utupa ndiyo sumu ileile wanayovulia samaki. Usiutie katika maji ya kunywa, wala usiwapake vifaranga.

Shubiri nayo ina sifa zake. Utomvu wake hupakwa penye kidonda. Watu wengi pia hukata jani vipande, hutia katika maji ya kunywa asubuhi, na jioni hayo maji humwagwa. Wako wanaotumia mbegu za papai kwa ajili ya minyoo, majani machungu ya mubirizi kwa tumbo, kitunguu saumu na pilipili kwa mafua. Kwa kiasi kidogo sioni ubaya. Lakini ole wake anayedhani kwamba dawa ikizidi ukali huzidi na nguvu. Maji yakiwa makali mno kuku hukataa kuyanywa, na kuku asiyekunywa maji siku ya jua kali hufa upesi kuliko aliye na mafua. (Mwarobaini, ambao twausikia ukisifiwa sana, ni mti wa nchi za joto, na katika vilima vyetu hauoni raha; basi tusihangaike kuutafuta.)

Hadi hapo miti shamba na mimi tu marafiki. Urafiki wetu unakoma unapokuja mdondo.

Mdondo ndio ule ugonjwa ambao pwani huuita kideri. Wazungu waliupa jina la mji wa Newcastle huko Uingereza, maana ulitambuliwa huko mwaka 1926, mwaka uleule ulipoonekana pia katika kisiwa cha Java. Kuku huzubaa na kushusha mabawa, hupumua kwa shida, huhara kinyesi cha kijani, na wengine hupinda shingo au kupooza miguu. Ukiingia katika kundi ambalo halijachanjwa huweza kuua karibu kuku wote kwa siku chache. Unaletwa na kirusi, na kirusi cha mdondo hakina dawa ya kukiua ndani ya kuku. Si ya mtini wala ya dukani. Hata vile vidonge vya rangi mbili ambavyo wengine huvifungua na kuvimwaga katika maji ya kuku haviwezi, kwa kuwa vilitengenezwa kuua bakteria, na kirusi si bakteria.

Mama mmoja wa jumuiya yetu alikuwa na kuku 23. Mdondo ulipoanza kwa jirani, alitwanga pilipili na shubiri, akawanywesha kuku wake asubuhi na jioni kwa uaminifu mkubwa. Baada ya siku 6 alibaki na jogoo mmoja na mitetea miwili. Alikuwa anawatunza wale kuku kwa ajili ya sare ya mwanawe aliyechaguliwa kwenda sekondari. Mama huyu si mvivu wala si mjinga. Alifanya yote aliyoambiwa, na aliyoambiwa hayakuwa kweli.

Kwa nini basi watu wenye akili wanashuhudia kwamba dawa hizi zimewaponyea kuku wa mdondo? Nimelifikiri sana jambo hili. Kwanza, sisi huita mdondo kila ugonjwa unaofanya kuku asinzie. Kuku mwenye mafua ya kawaida akipewa pilipili akapona, twasema mdondo umepona, kumbe hakuwa nao. Pili, hata mdondo wenyewe huacha mmoja wawili, kama ulivyomwachia mama yule. Aliyewanywesha shubiri atasema shubiri imewaponya, wakati jirani yake ambaye hakuwapa kitu naye amebakiwa na wawili. Tatu, mwaka dawa inapofaulu husimuliwa kisimani na sokoni, lakini mwaka inaposhindwa hakuna anayesimulia.

Wataalamu nao hawakulidharau jambo hili. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, pamoja na wenzao, walitangaza matokeo ya kujaribu shubiri ya aina moja inayoota Afrika Mashariki. Waliwapa kuku ambao waliambukizwa mdondo makusudi ili ipimwe vizuri. Vifo vilipungua kwa kiasi, lakini havikukoma. Waliijaribu pia katika homa ya matumbo ya kuku, nako ikaonekana kusaidia. Kwa hiyo shubiri si bure kabisa. Ila mtu anayetaka kundi zima lisalimike hawezi kuitegemea peke yake penye mdondo.

Kinga ya mdondo ni chanjo. Iko chanjo inayostahimili joto, ambayo mbegu yake huitwa I-2, nayo hutengenezwa hapa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Ni tone moja tu katika jicho moja, sawa kwa jogoo mkubwa na kwa kifaranga. Kustahimili joto si kusema iachwe juani. Ibebwe ikiwa imefungwa katika kitambaa kibichi, ikae kivulini mahali pa baridi. Kinga yake hudumu miezi mitatu hadi minne, kisha yatakiwa kurudiwa. Mimi hupendelea Januari, Mei na Septemba, kwa kuwa ni rahisi kukumbuka, na kwa kuwa tone la Mei huwakuta kuku kabla ya kiangazi, wakati ambapo mdondo hupenda kuzuka.

Wengine husema, "Niliwachanja, wakafa." Huenda ni kweli. Chanjo si dawa ya mgonjwa, na aliyengoja mpaka kuku wa jirani wanaanguka aghalabu huwachanja wake wakiwa tayari wameambukizwa. Mwili wa kuku wahitaji kama juma moja hadi mawili kujenga kinga. Wengine husema fedha hakuna. Hapo nauliza: tone moja kwa kawaida halifikii bei ya yai moja. Tatizo ni kwamba chupa moja hutosha kuku wengi sana, na ikifunguliwa yafaa iishe siku ile ile. Mwenye kuku 8 peke yake ataona hasara. Lakini jumuiya ndogo ya nyumba 15 ikikusanya mayai mawili mawili, chupa inapatikana, na Bwana Mifugo atawaonyesha njia mara ya kwanza.

Jambo jingine ni kuku wageni na mizoga. Kuku hununuliwa mnadani, huletwa zawadi kutoka kwa ndugu, hata hutoka ng'ambo ya mpaka, Burundi. Mgeni akae peke yake majuma mawili kabla ya kuchangamana na wenyeji. Kuku wakianza kufa, tusiwakimbize wale waliobaki sokoni. Najua uchungu wa kuona mali inapotea, lakini kumwuzia Mkristo mwenzako mdondo ndani ya kapu ni dhambi, hata kama bei ilikuwa nafuu. Manyoya na matumbo yasitupwe migombani, ambako kuku wa watu wote hupekua. Mizoga izikwe katika shimo refu au ichomwe moto.

Siku ya kuchanja, kuku wasifunguliwe asubuhi, kwa maana wakishatawanyika mtawakimbiza hadi mchana. Mmoja amshike kuku na kumlaza ubavu, mwingine aelekeze chupa kichwa chini juu ya jicho, bila kuligusa, na kudondosha tone moja. Mama mwenye vifaranga asimsahau hata mmoja kwa kuona ni mdogo. Kuku akipepesa jicho tone limeingia. Mwachie, umshike mwingine.