Nauli Zilizokwama Lagos

Emirates ilipositisha safari zake za Nigeria tarehe 1 Septemba 2022, sababu haikuwa uhaba wa abiria. Lagos ni moja ya masoko makubwa ya usafiri wa anga barani Afrika, na wafanyabiashara wake hufuata mzigo Dubai kama wafanyavyo wenzao wa Kariakoo. Tatizo lilikuwa nauli ambazo abiria walikwisha kulipa, zikapokelewa, kisha zikashindwa kutoka nchini. Katika barua kwa waziri wa usafiri wa anga wa Nigeria, shirika lilieleza kwamba hadi Julai mwaka ule lilikuwa na dola milioni 85 zilizokwama, na kwamba deni hilo lilikuwa likikua kwa zaidi ya dola milioni 10 kila mwezi.

Tuifuate nauli moja. Msafiri wa Ikeja anakwenda kwa wakala wake wa tiketi na kulipa kwa naira. Wakala huyo anauza tiketi za mashirika mengi, na makusanyo yake hupitia mfumo wa pamoja unaosimamiwa na IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, ambao humgawia kila mwenye ndege haki yake. Mpaka hapo pesa bado ni naira, tena zimo benki palepale Lagos. Zinaweza kulipa mishahara ya wafanyakazi wa pale na pango la ofisi. Lakini aliyelikodisha shirika ndege anadai dola, na vivyo hivyo kampuni ya bima, muuza vipuri na wauza mafuta wengi. Basi shirika linaiomba benki yake dola, benki nayo inaiomba Benki Kuu, na maombi yanapanga foleni.

Foleni hiyo ilitokana na bei. Katikati ya 2022 dola moja kwa bei rasmi ilikuwa naira 420 na ushei, wakati mtaani ilishapita 600. Kwa bei ya serikali kila mtu alitaka kununua dola, na mwenye nazo hakuona sababu ya kuziuza huko. Isitoshe, mafuta ghafi, ambayo ndiyo yanayoiletea Nigeria sehemu kubwa ya fedha zake za kigeni, yalikuwa yakiibwa kwenye mabomba kiasi kwamba Agosti na Septemba uzalishaji ulishuka chini ya mapipa milioni moja kwa siku. Kidogo kilichopatikana kiligawanywa kwa mgao, na katika mgao wa namna hiyo mwagizaji wa dawa au mwenye kiwanda ana mtu wa kumsemea. Shirika la ndege la kigeni halina.

Kusubiri kwenyewe ni hasara. Chukua naira milioni 471 zilizolala benki mwanzoni mwa Juni 2023. Kwa bei rasmi ya siku zile zilikuwa dola milioni moja. Katikati ya mwezi huo Benki Kuu ikaiachia naira ielee, na baada ya muda mfupi dola moja ikafika naira 750 hivi. Naira zilezile, bila mtu kuzigusa, zikawa dola 628,000. Hakuna mhasibu anayeweza kuieleza bodi yake hasara ya zaidi ya theluthi kwa tiketi zilizouzwa na safari zilizofanyika, kisha akashauri ndege ziongezwe.

Kwa hiyo mashirika yalijihami. Emirates yenyewe ilianza kwa kupunguza safari za Lagos kutoka 11 hadi 7 kwa wiki. Mengine yalibaki, ila yakafunga madaraja ya nauli nafuu kwa tiketi zinazonunuliwa Nigeria na kuacha yale ya bei ya juu tu. Aliyekuwa na jamaa Accra alimwomba amnunulie tiketi huko, ambako ilikuwa nafuu. Mwanafunzi asiye na jamaa ng'ambo ya mpaka alilipa bei kamili.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoiona hatua ya kuzizuia fedha za mashirika kuwa ni uzalendo wa kulinda akiba ya taifa. Nauli ile haikuwa mali ya serikali hata siku moja. Mikataba ya anga baina ya nchi kwa kawaida hulipa shirika haki ya kupeleka mapato yake kwao. Kuizuia ni kukopa kwa nguvu, na mkopeshaji aliyelazimishwa hujilipa riba mwenyewe kupitia bei ya tiketi. Anayeilipa riba hiyo ni raia.

Na somo lilikuwa limeshatolewa. Mwaka 2016, kwa sababu hiyohiyo ya naira kushikiliwa na dola kuadimika, Iberia na United zote ziliondoka Lagos. Venezuela ilikuwa na hali mbaya zaidi: kufikia 2014 mashirika yaliidai karibu dola bilioni 4, na American Airlines ikapunguza safari zake kutoka 48 kwa wiki hadi 10.

Agosti 2022 Benki Kuu ya Nigeria ilitoa dola milioni 265. Emirates ikarudi tarehe 11 Septemba, ikaondoka tena tarehe 29 Oktoba, katika mwezi uleule ambao Falme za Kiarabu zilisimamisha viza kwa Wanigeria. Kwa hiyo si haki kulitupia suala la dola lawama zote. Lakini deni halikuacha kukua. Juni 2023 IATA ilitaja dola milioni 812 zilizokwama Nigeria, zaidi ya theluthi ya fedha zote za mashirika zilizozuiliwa duniani.

Lililolipunguza deni ni bei ya dola kuachwa ikaribie ukweli, kwa maumivu makubwa kwa mnunuzi wa kawaida, na Benki Kuu chini ya gavana mpya, Olayemi Cardoso, kulipa madai ya nyuma. Kufikia Aprili 2024 karibu yote yalikuwa yamelipwa. Machi mwaka huohuo Air Peace, shirika la Kinigeria, lilianza kuruka kutoka Lagos hadi London, na washindani wakalazimika kushusha nauli. Emirates ilirejea tarehe 1 Oktoba 2024 kwa safari moja kwa siku, Lagos peke yake. Abuja haikuwamo kwenye ratiba.