Ushahidi wa Utafiti ni Amana

Mama akiombwa mwanawe atolewe damu kwa ajili ya utafiti, swali la kwanza moyoni mwake huwa hili: damu hii yaenda wapi? Swali hilo si ujinga. Huko Kilifi, ambako KEMRI na washirika wake wamefanya utafiti tangu 1989, uvumi wa damu ulipata kuzagaa vijijini. Watafiti hawakuwakemea watu. Waliweka utaratibu wa wawakilishi waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe, wapeleke maswali na kurejesha majibu. Chanjo mbili za malaria zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 na 2023, zilijaribiwa pia kwa watoto wa Kilifi. Lau wazazi wangekosa imani, hilo lisingewezekana.

Imani hiyo huvunjwa na usiri. Tarehe 22 Mei 2020, wakati wa korona, jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliodai kuchunguza wagonjwa 96,000 katika hospitali 671, na kwamba dawa ya haidroksiklorokwini ilihusiana na ongezeko la vifo. Siku tatu baadaye, Shirika la Afya Duniani likatangaza kusimamisha kwa muda majaribio yake ya dawa hiyo. Wataalamu wakahoji: hospitali hizo ni zipi? Kampuni yenye takwimu ikakataa kuzitoa zikaguliwe, na tarehe 4 Juni makala ikaondolewa. Majaribio mengine, yaliyofanywa kwa uwazi, ndiyo yaliyoonyesha kuwa dawa hiyo haikuwafaa wagonjwa waliolazwa.

Kwetu Waislamu, jambo hili si geni. Maimamu waliokusanya hadithi hawakupokea kauli tupu. Waliuliza nani kasimulia, kapokea kwa nani, na je, ni mkweli? Takwimu ndizo isnadi ya utafiti. Anayezificha hana haki ya kudai tumsadiki.

Basi tusiukimbie utafiti, wala tusiupokee tukiwa tumefumba macho. Kabla ya kutia sahihi, tuulize: Nani anaugharamia? Je, umesajiliwa hadharani na kupitishwa na kamati ya maadili? Sampuli zitahifadhiwa wapi? Matokeo tutaletewa kwa lugha tuifahamuyo, hata yakiwa si mazuri? Na tukijitoa, mtoto atanyimwa matibabu?

Mtafiti mwaminifu hatachukia maswali hayo, kwani elimu ni amana, na amana hurejeshwa kwa wenyewe. Mwenyezi Mungu atujaalie kuitambua haki na kuifuata.